Mji wangu uliandikwa kwa mabano

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ni kitu gani cha utoto wako ambacho ungependa mwanao akionje, na kwa nini?" Najua wengi watataja rede, kombolela na maembe ya kuangua kwa mawe. Mimi naomba nitaje barua pepe. Msicheke. Sisemi hii ya bili na matangazo ninayoifungua kazini huku nimenuna. Nasema ile ya mwaka 1993, ambayo kompyuta ilibidi kwanza ipige simu, ilie kama paka aliyebanwa na mlango, inyamaze, ndipo barua iondoke.

Nilikuwa na miaka 11. Baba alikuwa mtu wa Sokoine, chuo cha kilimo hapa Morogoro, akapata ufadhili wa kwenda kusomea lishe ya mifugo Norway, kwenye chuo cha kilimo kilichokuwa Ås, mji mdogo kusini mwa Oslo. Wana-Sokoine wa miaka ile njia hiyo wanaijua. Akatangulia yeye, kisha tukamfuata: mama, mimi na mdogo wangu wa kiume. Baridi sitaisimulia, imeshasimuliwa na kila aliyepanda ndege.

Kule mwalimu huitwa kwa jina lake, hivi hivi, kama mtu mnayecheza naye rede. Ulimi wangu ulikataa kabisa. Nikawa namwita "Mwalimu", darasa zima likaiga, na yeye akafurahi kupita kiasi, maana alikuwa wa kizazi cha Wanorwe waliokua wakisikia habari za Nyerere. Basi huyo Mwalimu ndiye aliyekuwa na ufunguo wa chumba cha ramani, na ndani ya chumba cha ramani ndimo ilimokaa kompyuta yenye modemu, kile kifaa cha kupitisha barua kwenye laini ya simu. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana tulikuwa tukijazana mle.

Chanzo cha yote alikuwa Odd de Presno, mwandishi wa mambo ya kompyuta aliyeishi pande za Arendal, kusini mwa nchi hiyohiyo. Mwaka 1990 alianzisha mradi wa kuwakutanisha watoto wa nchi mbalimbali kwa barua pepe. Ulianza kwa jina la KIDS-91, baadaye ukajulikana kama Kidlink. Ulikuwa wa watoto wa miaka 10 hadi 15 (mdogo wangu alikuwa na 8, alilia siku mbili), na ulikuwa na mlango mmoja tu. Kabla hujaruhusiwa kupiga soga na mtu yeyote, unajibu maswali manne. Mimi ni nani? Nikikua nataka kuwa nani? Nataka dunia iwe bora kwa namna gani nitakapokuwa mkubwa? Na sasa hivi naweza kufanya nini ili iwe hivyo? Majibu yalikwenda kwenye orodha ya barua pepe (ukituma barua moja, wote walioandikishwa wanapata nakala) iliyoitwa RESPONSE. Ukishajibu ndipo unafunguliwa nyingine, KIDCAFE, na hicho ndicho kilikuwa kijiwe chenyewe.

Orodha hizo ziliendeshwa na kompyuta kubwa ya chuo kikuu cha jimbo la North Dakota, Marekani. Kwa hiyo barua yangu ya kwenda kwa mtoto wa Denmark, hapo tu ng'ambo ya maji, ilivuka kwanza Atlantiki, ikanakiliwa, ikarudi. Baba alipoelezwa alisema huko ni kutoka Kilosa kwenda Mikumi kwa kupitia Dar es Salaam.

Maswali yale ukiyasoma haraka unaona ya kitoto. Jaribu kuyajibu. La kwanza peke yake lilinichukua Ijumaa nzima, maana "Mimi ni nani" kwa mtoto aliyetoka Morogoro mwaka juzi na sasa anaota ndoto kwa Kinorwe si swali la kujibu kwa jina na umri. La pili lilikuwa rahisi: nilitaka kuwa daktari wa ng'ombe, kwa sababu kila jioni mezani kwetu yalizungumzwa matumbo ya ng'ombe. La tatu niliandika kwamba nataka nauli ya ndege iwe sawa na ya basi ili bibi aje atuone. La nne likanikwama. Nifanye nini mimi, wa miaka 11, nauli ishuke? Mwishowe nikaandika: "Nitaosha vyombo." Mwalimu akasoma, akaniangalia, akaniuliza vyombo vinahusiana vipi na dunia. Nikamwambia mama anasoma Kinorwe jioni, mimi nikiosha vyombo yeye anawahi darasa, akijua lugha atapata kazi, akipata kazi tutamkatia bibi tiketi. Mwalimu hakugusa hata nukta.

Tuliandika kwanza kwa penseli, halafu tukakaa naye mmoja mmoja kugeuza kwa Kiingereza na kuchapa kwenye disketi, maana simu ilihesabiwa kwa dakika na hakuna aliyethubutu kufikiri huku laini iko hewani. Mimi niliomba sentensi yangu moja ibaki kwa Kiswahili, ile ya "Nataka kuwa daktari wa ng'ombe." Akakubali, nadhani kwa ajili ya Nyerere.

Hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu jambo hili bado linanichekesha baada ya miaka zaidi ya 30. Kinorwe kina herufi tatu za ziada: æ, ø na å. Kompyuta za wakati ule hazikuwa na nafasi yake, kwa hiyo Wanorwe walikuwa wameziazimia viti vya alama nyingine. Pale ilipo å ndogo kompyuta za nje zilionyesha alama } na å kubwa ikawa ]. Sasa sisi tulikaa Ås. Barua ya darasa letu ilipofika Marekani ilisema kwamba tunaishi kwenye mji uitwao ]s. Msichana mmoja wa huko akauliza kama hilo ni jina au kompyuta yetu inaumwa. Wenzangu wenye ø kwenye majina yao waligeuka kuwa vijiti vilivyosimama, |, katikati ya herufi. Na Kiswahili changu? Kilipita chote bila mkwaruzo. Hata ng'ombe, na kipembe chake cha juu, alifika mzima. Siku ile nilitembea kwenda nyumbani nikiwa mrefu zaidi. Lugha ya wenyeji, wenye kompyuta na modemu na theluji yao, imevunjika njiani. Ya kwetu imefika salama.

Lakini nisiwadanganye kwa utamu wa kumbukumbu. Barua nyingi za kijiweni zilikuwa za kuchosha. "Hujambo, naitwa fulani, napenda piza na mpira, una mnyama gani?" Zinafuata arobaini za namna hiyohiyo. Mimi nilisema tuna kuku kwa bibi, watoto wawili wakataka kujua majina ya kuku hao. Februari 1994, Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilipofanyika Lillehammer, kila mtu alitugeukia sisi kana kwamba Norway nzima inalala Lillehammer. Mmoja akaniuliza kama naenda shule kwa ski. Nilikuwa naanguka hata kwa viatu.

Katikati ya piza na mbwa ndipo ilipokuja barua ya mvulana mmoja wa Argentina. Ilichukua Ijumaa tatu. Kumbukeni maana ya Ijumaa tatu kwa mtoto: unaingia chumba cha ramani, printa inakwaruza, karatasi zile ndefu zenye matundu pembeni zinashuka, unatafuta jina lako, halipo, unarudi nyumbani. Wiki. Tena halipo. Wiki. Ya tatu, lipo. Aliandika kwamba ameona neno "ng'ombe", hajui ni nini, lakini kwa kuwa karibu yake palikuwa na neno la daktari alidhani ni ugonjwa. Mwalimu alimjibu kwa niaba yangu papo hapo, mimi nikiwa nimekaa chini nikicheka. Ijumaa iliyofuata akarudi mbio: kumbe ni hao! Kwao, akasema, ng'ombe ni wengi kuliko watu. Nikampelekea baba habari hiyo kama umbea. Baba akathibitisha, akaongeza kuwa Tanzania ng'ombe ni kama nusu ya watu, na kwamba huyo kijana anafaa kuandikiwa tena. Tukaandikiana mpaka mwisho wa mwaka, karibu kila mara habari za ng'ombe, na mara moja habari za babu yake aliyekuwa akipoteza kumbukumbu. Hiyo aliiandika katikati ya aya ya malisho, bila kuitangulizia kitu, kisha akaendelea na malisho. Nimeisoma mara nyingi nikiwa mtu mzima.

Mwaka uleule darasani alifika mvulana kutoka Bosnia. Wakimbizi wa vita ile Norway iliwapokea kwa maelfu. Akajibu la kwanza, akajibu la pili (fundi umeme), la tatu akakataa. Mwalimu akamweleza kuwa sharti ni yote manne. Akakataa tena, akakaa nje ya chumba cha ramani Ijumaa mbili akitupa mpira ukutani. Ya tatu akaingia, akachukua penseli, akaandika: "Swali hili waulizwe wakubwa." Tukamwangalia Mwalimu. Mwalimu akalichapa vilevile lilivyo, akaituma. Hakuna mtu aliyesema halifai. Kijana akaingia kijiweni na kumbe alikuwa msemaji kutushinda wote.

Hicho ndicho ninachokitaka kwa mwanangu, Mhariri, kuliko kompyuta yenyewe: kwamba kabla hajasema lolote kwa mtu wa mbali, ameulizwa yeye ni nani na anataka nini, na amepewa wiki nzima ya kufikiri. Leo mlango ni namba ya simu na neno la siri. Ukishaingia hakuna anayekuuliza kitu zaidi ya tarehe ya kuzaliwa, nayo watoto wanaidanganya.

Lakini lile neno "watoto wa dunia" tulilopewa lilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo niliijua niliporudi. Kwa barua nilizozisoma mimi, walijaa Wamarekani, Wakanada, watu wa Skandinavia. Afrika ilikuwa mimi, nami nilikuwa nimekaa Ulaya. Desemba 1994 tukafungasha tukarudi Morogoro. Nikamwomba baba anitafutie mahali pa kutumia barua pepe. Miaka ile Tanzania ilikuwa na simu za mezani tatu hivi kwa kila watu 1000. Barua pepe ilikuwepo: madaktari walikuwa wameunganishwa na HealthNet, mtandao wa mambo ya afya uliotegemea laini za simu na satelaiti ndogo. Mtoto wa darasa la sita angeanzia wapi? Baba alinipeleka kwenye ofisi moja yenye kompyuta, nimevaa gauni la Krismasi. Mkubwa wa pale akatusikiliza, akasema barua pepe si mchezo wa watoto, akampa baba soda. Mimi sikupewa.

Nikasema basi, nitamwandikia wa Argentina kwa kalamu na stempu. Ndipo nilipogundua kuwa sina anwani yake. Mwalimu alikuwa ametukataza kupeana anwani za nyumbani, na alikuwa na haki. Leo kama mzazi ningemkataza mwanangu vivyo hivyo. Urafiki wetu wote ulikuwa wa chumba cha ramani. Uliishia kwenye waya ule. Shule za Uganda zilipoanza kuunganishwa mwaka 1997 na mradi wa World Links wa Benki ya Dunia, nilisoma habari hiyo gazetini nikiwa na miaka 15, umri wa mwisho wa kukaa kijiweni, nikalikunja gazeti.

Daktari wa ng'ombe sikuwa. Nafanya hesabu za vifaranga na vyakula vya kuku kwenye kampuni ya mtu. Vyombo niliosha kweli, na mama Kinorwe alikijua, ila bibi hakuwahi kupanda ndege.

Juzi, baada ya kusoma swali lenu, nimempa mwanangu wa miaka 12 yale maswali manne, kwa karatasi na kalamu, nikamnyang'anya simu. La kwanza ameandika mistari sita, ndani yake mnamo mambo mawili nisiyoyajua. La pili, anataka kuwa dereva wa treni, ile ya umeme inayopita hapa kwetu kwenda Dodoma. La tatu anataka umeme usikatike (nikamuuliza kama ni kwa ajili ya treni, akasema hapana, kwa ajili ya friji ya bibi wa jirani anayeuza barafu). Halafu akaweka kalamu chini, akaniuliza: "Sasa mama, hii naituma kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nimemwambia tutaituma kwenu. La nne bado analifikiria, ameomba mpaka Ijumaa.

Mama wa mmoja, Morogoro