Kabla hujauza hisa za kampuni yako, piga hesabu hii

Vijana wenye programu nzuri hapa Mombasa huanza na swali moja: mwekezaji nitampata wapi? Hilo ni swali la pili. La kwanza ni kama biashara yako ni ya aina inayofaa pesa hizo.

Kampuni ya mitaji ya ubia huwekeza pesa za watu wengine. Mfuko wake kwa kawaida una maisha ya miaka 10 hivi, kisha wenye pesa wanataka chao. Kampuni nyingi ndani ya mfuko hufa, kwa hiyo chache zinazopona ndizo zinazofidia hasara yote. Chukua mfuko wa dola milioni 20 ulionunua asilimia 15 ya kampuni yako. Kufikia siku ya kuuza, awamu nyingine za mtaji huenda zimeipunguza ikabaki 7.5. Ili kampuni yako peke yake irudishe mfuko mzima, inabidi iuzwe kwa dola milioni 267 hivi. Programu ya kupeleka chakula Nyali na Bamburi inaweza kukulisha wewe na wanao vizuri sana, lakini haifiki huko. Mwekezaji akiikataa hajakutusi. Biashara ya namna hiyo ikuzwe kwa pesa za wateja, sacco au mkopo wa benki, na hisa zibaki nyumbani.

Inayoweza kufika ni ile inayoanzia hapa ikavuka Pwani, mathalani ya mizigo inayotoka bandarini kwenda Kampala na Kigali.

Tuendelee na huo mfano wa mizigo, maana ndipo kosa la mapato huonekana wazi. Lori lililopatikana kupitia programu yako limebeba kontena kutoka Kilindini hadi Nairobi kwa shilingi 90,000, nawe unabaki na asilimia 6. Mapato yako ni 5,400, si 90,000. Ukiandika 90,000 kwenye slaidi za kumwonyesha mwekezaji, atakayekagua taarifa ya paybill yako ataona, na kuanzia hapo hata namba zako za kweli hazitaaminiwa. Hiyo paybill nayo iwe ya kampuni. Pesa za wateja zikiingia kwenye simu ya mwanzilishi zikachanganyika na karo na mchango wa harusi, hakuna mhasibu atakayezitenganisha kwa bei nafuu. Andaa pia jedwali moja: wateja walioanza Januari, wangapi bado wanalipa Februari, Machi, hadi Juni. Mwekezaji mzoefu hulitazama hilo kabla ya jumla ya waliopakua programu.

Sasa hisa, ambako wengi huumia bila kujua. Mkataba wa SAFE, ulioanzishwa na Y Combinator mwaka 2013, ni njia iliyozoeleka ya kuchukua pesa za mwanzo: mwekezaji anatoa pesa leo, hisa anazipata wakati wa awamu ya kwanza yenye bei, yaani ile ambayo bei ya hisa inakubaliwa. Kwa kuwa siku hiyo hakuna hisa inayotolewa, watu husaini kama wanasaini risiti. Tangu 2018 kuna toleo linalohesabu kikomo cha thamani, yaani thamani ya juu kabisa ya kampuni itakayotumika kukokotoa hisa zake, pamoja na SAFE zote zilizokwisha kusainiwa. Maana yake mwekezaji anajua asilimia yake, na kila SAFE mpya inakula upande wako, si wa yule aliyetangulia.

Tuseme umesaini tatu: dola 50,000 kwa kikomo cha 500,000, ni asilimia 10. Dola 120,000 kwa kikomo cha milioni 1.5, ni 8. Dola 100,000 kwa kikomo cha milioni 2, ni 5. Jumla 23. Mjomba alitoa shilingi 300,000 mwanzoni ukampa asilimia 15 ya kampuni. Nyinyi waanzilishi wawili mna asilimia 85 ya ile 77 iliyobaki, yaani 65.45. Awamu yenye bei ikija, mwekezaji mpya anachukua 20 na anataka 10 zitengwe kwa ajili ya wafanyakazi. Mnabaki na 45.8 kwa pamoja, 22.9 kila mmoja, na safari ndiyo kwanza inaanza. Mjomba mlipeni kama deni, na riba juu. Itawagharimu kidogo kuliko hisa hizo.

Hisa za waanzilishi wenyewe ziive kwa miaka 4, yaani kila mmoja azipate kidogo kidogo kadiri anavyokaa, na asiyemaliza mwaka wa kwanza aondoke bila kitu. Bila sharti hilo, fundi wa programu aliyepewa asilimia 25 akapata kazi Dubai mwezi wa tano ataondoka nazo zote, na mwekezaji hatatia pesa mahali penye shimo kama hilo.

Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo toa CR12 mpya, hati rasmi inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa, kupitia eCitizen uilinganishe na ahadi zote, hata zile za WhatsApp. Kila aliyeandika programu, awe mwajiriwa au kibarua, asaini kwamba kazi ni mali ya kampuni. Ukishika pesa za wateja, uliza mapema kama unahitaji leseni ya Benki Kuu.

Baadhi ya wawekezaji watataka kampuni mama iwe Delaware, Marekani. Usiifungue kabla hujapata ofa ya maandishi, kwani utafunga hesabu katika nchi mbili. Kodi yake ya kila mwaka, inayolipwa kufikia tarehe 1 Machi, hushtua watu: kampuni yenye hisa milioni 10 zilizoidhinishwa inaweza kuletewa bili ya zaidi ya dola 80,000. Ukiikokotoa kwa njia ya pili inayokubaliwa kisheria, kampuni changa mara nyingi hulipa dola 400 tu, pamoja na ada ndogo ya ripoti.

Anza kutafuta ukiwa bado na pesa za kuendesha kampuni kwa miezi 9. Anayejadiliana akiwa na mshahara wa mwezi mmoja benki hukubali lolote. Ofisi nyingi za wawekezaji hao ziko Nairobi. Kikao cha kwanza kifanyike kwa video. Ukipata watano wanaotaka cha pili, wapange wiki moja, Jumanne hadi Alhamisi, ndipo ukate tiketi ya treni Miritini.