Aliyelia ni nani? Kuhusu "alimtazama, naye akamtazama"

SWALI

Shikamoo dada. Mi ni kijana wa miaka 24 niko Kahama, nalinda yadi ya magari usiku, hadithi zako nazisomaga nikiwa lindoni. Nimeanza na mimi kuandika ya kwangu, ya Rehema na Baraka, nairusha kwenye grupu letu la watu kama 80. Shida yangu ni moja, nikifika pale wanapobaki wawili tu chumbani watu wanapotea. Mfano hiki kipande:

"Rehema alifungua mlango. Baraka alikuwa amekaa kitandani. Alimtazama, naye akamtazama. Alitaka kumwambia kwamba bado anampenda ila akanyamaza. Akamshika mkono akaanza kulia."

Watu wakauliza aliyelia ni nani, na kusema ukweli mi mwenyewe nilivyoulizwa nilikaa kimya kwanza. Rafiki yangu akanishauri nitumie majina, nikajaribu ikawa Rehema Baraka Rehema Baraka kama mwalimu anaita majina darasani. Je nihamie nafsi ya kwanza tu? Na we muda wa kuandika unautoa wapi, maana mi nikitoka lindo nimechoka mpaka vidole.

JIBU

Marahaba mdogo wangu, pole na lindo. Swali lako nimelisoma alfajiri huku naepua vitumbua nikasema hili silijibu haraka haraka, kwasababu ndo swali lililonitesa mimi miaka yangu yote ya mwanzo na hakuna mtu aliyeniambia kwamba ni tatizo la kila anayeandika mapenzi kwa Kiswahili. Nilidhani sijui kuandika tu.

Chanzo kiko kwenye lugha yenyewe. Kitenzi chetu hakijui mwanaume wala mwanamke. Hiyo "a" ya "alimtazama" ni ya Rehema, ni ya Baraka, ni ya mtoto, ni ya ng'ombe aliyekatiza barabarani, na hiyo "m" ya katikati hivyo hivyo. Kiingereza kina neno la yule wa kike na neno la yule wa kiume. Kiarabu tulichosoma madrasa kitenzi chenyewe kinakwambia, kataba kaandika mwanaume, katabat kaandika mwanamke. Sisi hatuna, na wala si Kiswahili peke yake, Kisambaa cha bibi yangu hakina na Kisukuma cha huko uliko hakina. Kwa hiyo ukilichukua penzi ulivyoliona kwenye tamthilia iliyotafsiriwa ukaliandika vile vile, yule kamwangalia yule, yule kamshika yule, linakuvunjikia mkononi. Bibi alivyokuwa anatusimulia usiku hatukuwahi kumuuliza nani kasema, maana akiwa Fisi anakoroma na akiwa Sungura sauti inapanda juu. Kwenye simu ya msomaji ile sauti haipo, sentensi ndo inabidi ifanye kazi yake.

Sasa dawa, na hata ukiziacha nyingine zote chukua hii moja: kabla hujaandika neno la kwanza amua kipande hiki kiko ndani ya macho ya nani. Sisemi nafsi ya kwanza, la, unabaki na nafsi ya tatu yako vizuri tu, ila umekaa kwenye bega la mtu mmoja. Ukishaamua ni Rehema, basi kila "a" isiyo na jina ni Rehema. Baraka yeye kila akitaka kufanya jambo anaingia na jina lake, au anaingia na kitu chake, sauti yake, mkono wake, viatu vyake. Msomaji hajui kama umeweka sheria, ila baada ya sentensi tatu ameshaizoea bila kuambiwa. Kipande kinachofuata ukitaka hamia kwa Baraka, acha nafasi, anza na jina lake, sheria inageuka. Usihame katikati. Wewe umehama, angalia: "Alimtazama" nadhani ni Rehema, "naye akamtazama" ni Baraka, halafu "Alitaka kumwambia" tumerudi kwa nani? Kisarufi aliyeshika mkono ndiye aliyelia, maana "akamshika akaanza" ni mnyororo mmoja, ila aliyeshika ni nani ndo hatujui.

Na hapo kwenye mnyororo pakumbuke sana. Hii "ka" ya akainuka akafungua akatoka, sikio la Mswahili linaisikia kama mtu mmoja anayeendelea na kazi yake. Ukibadilisha mtu katikati ya "ka" bila kumtaja msomaji anaendelea na yule wa mwanzo, wala hana kosa, wewe ndo umemvusha barabara halafu ukamwachia mkono. Ukitaka kubadilisha tumia "naye", au tumia neno ambalo mimi nalipenda kuliko yote kwenye kazi hii, "mwenzake". Mwenzake akanyamaza. Mwenzake hakugeuka. Wakiwa wawili tu chumbani, mwenzake ni mmoja, hakuna wa kumkosea, na neno lenyewe lina uchungu ndani yake, ni wenzi hao, hata wakiwa wamegombana.

Kitu cha pili ni ngeli. Wengi tuliziacha shuleni tukafurahi kabisa kuachana nazo, na kumbe ndo utajiri wenyewe. Kiingereza wana he na she za watu na it moja ya vitu vyote basi, sisi tuna mkono unaochukua "u", macho yanayochukua "ya", sauti inayochukua "i", koo linalochukua "li", kila kimoja na alama yake na hakuna kinachogongana na kingine. Ukimfanya Baraka awe mkono, kuanzia hapo "ukatulia", "haukusogea", "ukaanza kutetemeka", msomaji anajua ni mkono na mkono ni wa Baraka, hujataja jina hata mara moja. Halafu kuna hii ya kwetu kabisa: koo lilimkauka, moyo ukamwenda mbio, mwili ukamsisimka, machozi yakamlengalenga. Ile "m" imebeba mwenye mwili, kiungo ndo kinafanya kazi na mtu ndo anapatwa, na ndivyo tunavyoongea majumbani wala si ufundi wa vitabuni. Ila usizidishe. Viungo vikianza kutembea vyenyewe, macho yamesafiri, vidole vimezungumza, midomo imekumbuka, msomaji anaacha kuona watu anaona nyama buchani.

Kipande chako nimekiandika upya, nimekaa kwa Rehema:

"Rehema alisukuma mlango, haukuwa umefungwa. Baraka alikuwa kitandani, viatu bado miguuni. Macho yake yalimpokea pale pale mlangoni na koo likamkauka, yale yote aliyoyapanga toka stendi yakapotea. Bado nakupenda. Maneno mawili tu, hayakutoka. Akakaa pembeni. Mkono wa Baraka ulikuwa juu ya shuka, akaushika, nao ukaanza kutetemeka, na alipoinua uso mashavu ya Baraka yalikuwa yameshalowa."

Jina la Rehema limetokea mara 1, la Baraka mara 3, hakuna wa kuuliza. Utasema "macho yake" ni ya nani, ni ya Baraka, kwasababu Rehema hawezi kujipokea mwenyewe mlangoni, maana ya sentensi imemaliza kazi. Na "bado nakupenda" nimeitoa kwenye "alitaka kumwambia kwamba bado anampenda", maana ile ina watu wanne ndani yake, a na m, halafu tena a na m. Ukiona sentensi ina "kumwambia kwamba anam-" simama hapo hapo, ivunje, mpe mtu maneno yake ayaseme mwenyewe hata kama ni moyoni.

Kwenye maongezi sina mengi, wape tu namna zao za kuitana. Rehema akikasirika anaita "we Baraka", akilainika anaita "baba". Baraka yeye siku zote "mama". Ukifika hapo huhitaji tena "alisema Rehema" "alijibu Baraka" kila mstari. Na nakuomba sana kwa moyo wangu wote uachane na "mrembo huyo" na "kijana huyo". Najua unaviona kila mahali, ni lugha ya taarifa ya polisi, mtu analia chumbani na wewe unaandika kama umesimama nje ya uzio na kalamu na daftari.

Nafsi ya kwanza sasa. Ndio inatibu, "nilimtazama akanitazama" hakuna wa kupotea. Mimi hadithi zangu mbili za mwanzo niliziandika hivyo kwa kukimbia tatizo hili hili. Ila ina gharama. Baraka akiwa kazini kwake huwezi kumwona, na hadithi ya episodi 40 au 60 inakutaka umwone, unaanza kutumia ujanja wa Rehema kusikiliza mlangoni kila siku au kushika simu ya watu, mpaka anakuwa mtu mbaya bila wewe kutaka. Halafu tatizo lenyewe linakungoja mbele, siku mume na mama mkwe wote wawili wako sebuleni mbele ya msimuliaji, yule kamwambia yule, umerudi pale pale. Kingine watu wataamini ni wewe. Mimi shangazi alinipigia toka Muheza usiku analia eti mbona ndoa yangu ina mambo hayo na sikumwambia, nikatumia nusu saa kumtuliza. Wewe ni mwanaume unaandika Rehema kwa hiyo hilo labda halitakupata, ila Baraka ukimwandika kwa "mimi" uwe tayari kuulizwa na mtu wako.

Sasa hapa ndo ninapotaka usome taratibu, kwasababu miaka yote nilipokuwa nailaumu hiyo "a" sikujua kama ni zawadi. Mke yuko jikoni anamsikia mumewe uani anaongea na simu kwa sauti ya chini: "Mwambie asilie. Kesho nitampeleka hospitali, hela nitamtumia. Hapana, mke wangu hamjui." Ni nani huyo? Mwanamke wa nje? Mtoto aliyezaa kabla ya ndoa? Lugha yetu inasema yote hayo kwa pamoja na haisemi hata moja, na mke anasikia kile anachokiogopa. Kwa Kiingereza ukiandika hivyo mara nyingi inabidi uchague neno la kike au la kiume na siri imekwisha hapo hapo. Mimi kwa simu hiyo moja nilienda episodi 9, mtu mwenyewe alikuwa baba yake mume aliyewatelekeza utotoni akarudi mgonjwa, na mume anaona aibu kusema. Watu walikasirika, walilia, walirudi kusoma upya ile simu wakakuta hakuna neno hata moja la uongo. Hilo ndo la kulinda. Unaruhusiwa kunyamaza, huruhusiwi kudanganya, ukiandika "sauti nyororo ilisikika upande wa pili" halafu awe mzee wa miaka 70 umemwibia msomaji na hatokusamehe. Kwa hiyo "a" isiyojulikana iweke pale unapoitaka kwa makusudi, na chumbani kwa Rehema na Baraka iondoe, wale hawana cha kufichwa pale, tunataka kuwaona.

Muda. Mimi naishi Tanga, Ngamiani, mji ambao wageni wanauimbia "waja leo waondoka leo" na sisi wenyewe tunaamka saa 10 usiku kama wengine. Vitumbua vinaisha saa 2, watoto wameshaenda shule, naosha vyombo, saa 3 mpaka saa 5 ndo zangu, sipokei simu, naandika kwenye simu ile ile kwenye sehemu ya kuandikia kumbukumbu. Masaa mawili, siku 5 kwa wiki. Kuna siku yanatoka maneno 200 tu na nayachukua. Nikiacha naacha katikati ya maongezi, mtu kaulizwa swali hajajibu, kesho nikifungua najua pa kuanzia. Wewe una lindo, usijilazimishe kuandika ukitoka, mwili umekwisha huo, lala. Andika lindoni zile dakika 20 ambazo hamna gari linaloingia, na usiandike kipande kizima, andika maongezi tu, mistari 10 ya Rehema na Baraka. Kazi ya kuunganisha fanya siku ya mapumziko.

Na hii ya mwisho ndo kipimo changu hasa. Kabla sijarusha episodi namsomea jirani yangu akiwa ananisuka, kwa sauti, bila kuigiza, sauti moja tu iliyonyooka kama nasoma bei za vitu. Akisema "nani?" naweka alama, sibishani naye, simweleweshi, maana msomaji wa kule kwenye simu mimi sitakuwepo kumwelewesha. Siku nyingine ananiambia "nani?" mara 6 kwenye ukurasa mmoja na mimi nilikuwa na uhakika umenyooka. Wewe lindoni huna wa kumsomea, basi jirekodi kwa simu, usisikilize siku hiyo, sikiliza kesho yake ukiwa unafua au unapika. Utajisikia mwenyewe unauliza.

Kuhusu aliyelia, mimi nimempa Baraka kwasababu kwenye kipande chako ndiye aliyekaa kitandani, viatu nimemvalisha mimi, maana namwona ni mtu aliyekuwa anataka kuondoka na ameshindwa. Ila hadithi ni yako. Kama kwako aliyelia ni Rehema basi hamia kwa Baraka, yeye ndo aone mlango unasukumwa, na mkono wa kwenye shuka uwe wa Rehema. Viandike vyote viwili, kisha nitumie hicho ulichokiacha, sio ulichokichagua, nataka kuona umekiacha kwa sababu gani.