Maswali ya Wasomaji: Ekstensheni ya Mfumo wa Muziki Nyumbani

Swali: Ndugu wahariri, nina amplifaya ya wati 100 kwa kila spika, kicheza CD, kicheza santuri na priampu yake (kikuzaji kidogo cha awali), pamoja na kipokeo cha redio. Karibu na kabati kuna soketi moja tu ya ukutani. Mmoja ananiambia ekstensheni yoyote inafaa, mwingine anasema nisiponunua ile ya bei kubwa muziki utapoteza ladha. Nitazame nini?

Jibu: Tuanze na hesabu. Amplifaya kama yako, hata ukiisukuma hadi mwisho, huvuta wati 350 hadi 400 hivi. Vyombo vingine vyote ni vya wati chache chache. Tuseme jumla ni wati 500. Kwenye umeme wa volti 230 hizo ni ampea 2 na ushei. Kwenye volti 120 ni ampea 4 na kidogo. Ekstensheni ya ampea 10 au 13 inaubeba mzigo huo bila taabu, kwa hiyo upande huo usikuumize kichwa.

Mahali pa kukagua kwa makini ni mbano wa soketi. Chukua plagi yako uende nayo dukani, uichomeke kwenye kila tundu. Iingie kwa ugumu kidogo, na ukiitikisa kwa kidole isichezecheze. Soketi legevu huigusa pini kwenye ncha ndogo tu, na hapo ukinzani, yaani kizuizi cha umeme kupita, hupanda. Ukinzani wa nusu omu ukipitiwa na ampea 2 hutoa joto la wati 2. Ukipitiwa na ampea 4 hutoa wati 8, kwa kuwa mkondo ukiongezeka maradufu joto huongezeka mara nne. Joto lote hilo limebanana mahali pasipozidi punje ya mtama. Chuma kikichemka hupoteza mnyumbuko, mbano unalegea zaidi, joto linapanda tena. Dalili zake ni plastiki kugeuka kahawia kuzunguka tundu, na mkwaruzo kwenye spika kila plagi inapoguswa. Ekstensheni iliyofika hapo haitengenezeki, itupwe.

Ndani, iliyo bora ina ukanda mmoja mrefu wa brasi kwa laini (njia inayoleta umeme), mwingine kwa nyutro (njia ya kuurudisha) na wa tatu kwa ethi (njia ya usalama iendayo ardhini). Hafifu huwa na vipande vipande vilivyoungwa kwa nyaya nyembamba na risasi ya kulehemia, na kila kiungo ni mahali pengine pa kulegea. Kama boksi lina skrubu, lifungue ujionee, plagi ikiwa imechomolewa ukutani. Kama limefungwa moja kwa moja, tumia mita ya fundi ya kupimia ukinzani: gusanisha kwanza ncha zake mbili uandike zinasoma omu ngapi, kisha pima kutoka pini ya ethi ya plagi hadi ethi ya soketi ya mwisho. Ukitoa ile namba ya kwanza, inayobaki isizidi omu 0.2. Ikizidi, ethi hiyo si ya kuaminika.

Kuhusu waya, soma maandishi kwenye ganda lake. 3G1.5 maana yake ni nyaya tatu, mmoja wao ukiwa wa ethi, kila mmoja wa milimita mraba 1.5. Hiyo ndiyo tunayoipendekeza. Ukikuta X mahali pa G, hakuna waya wa ethi humo, hata kama soketi zina tundu lake. Kwa urefu wa mita 2, waya huo hupoteza takriban volti 0.1 tu kwenye ampea 2, ilhali umeme wa ukutani wenyewe hupanda na kushuka kwa volti kadhaa kutwa nzima. Ndiyo maana hatuoni faida ya kulipia waya mnene kama mpini wa jembe au pini zilizopakwa dhahabu. Fedha hiyo ielekeze kwenye spika.

Nunua yenye soketi mbili au tatu zaidi ya vyombo ulivyonavyo, kwa sababu adapta za priampu ni pana na huziba tundu la jirani. Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni.

Swali: Tangu nilipounganisha runinga kwenye amplifaya, spika zinatoa mvumo wa chini usiokoma. Fundi kaniambia nikate waya wa ethi wa amplifaya. Je, ni sawa?

Jibu: Usikate. Laini ikigusa bodi, yaani kasha la chuma, la amplifaya isiyo na ethi, fyuzi haitakatika. Bodi yote, pamoja na kebo za sauti unazozishika kwa mkono, itakuwa na umeme kamili.

Mvumo huo hutokea vyombo viwili vinapopata ethi kwa njia mbili tofauti. Kati ya njia hizo huwa kuna tofauti ndogo ya voltage, na mkondo wake hupita kwenye wavu wa chuma uliozungushwa ndani ya kebo ya sauti. Hapo unasikia masafa ya umeme wenyewe, hezi 50 au 60, na yale yaliyo maradufu yake. Tiba ya kwanza ni kuchomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja, runinga ikiwemo, ili ethi zao zikutane mahali pamoja.

Mvumo ukibaki, zima amplifaya, chomoa kebo ya antena kwenye runinga, washa tena. Ukitoweka, ethi ya pili inaingia kupitia antena. Weka kwenye kebo hiyo kitenganishi cha antena, kifaa kinachopitisha mawimbi lakini kinakata njia hiyo ya ethi. Kama haukutoweka, endelea kuchomoa kebo za sauti moja moja, ukizima amplifaya kila mara, hadi umpate mkosaji. Kwa kicheza santuri, kagua pia ule waya mwembamba unaofungwa kwenye skrubu ya ethi ya priampu. Mara nyingi umelegea tu.

Swali: Je, ninunue yenye kinga dhidi ya umeme unaoruka?

Jibu: Ndiyo, ila ujue mipaka yake. Kinga hiyo ni kifaa kiitwacho varista, ambacho hupitisha mkondo pale tu voltage inaporuka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kila mruko hukipunguzia uhai, na kikifa soketi zinaendelea kufanya kazi kama kawaida. Basi chagua yenye taa ya kuonyesha kwamba kinga bado hai. Iliyotengenezwa kwa volti 120 usiichomeke kwenye 230, varista itaungua papo hapo. Voltage ikipanda na kubaki juu kwa dakika nzima, kinachohitajika ni kifaa cha rilei kinachokata umeme na kusubiri kabla ya kuurudisha. Radi ikikaribia, chomoa plagi ukutani na kebo ya antena pia.

Swali: Nikiwasha swichi ya ekstensheni, mara nyingine sakiti breka inaanguka. Mzigo ni mdogo. Kwa nini?

Jibu: Kama amplifaya yako ina transfoma kubwa ya duara, huvuta makumi ya ampea kwa muda mfupi sana inapowashwa, na kapasita zake (vifaa vya kuhifadhi umeme) zikiwa tupu huongeza mzigo huo. Iache swichi ya ekstensheni ikiwa imewashwa, kisha washa vyombo kwa swichi zake: vyanzo vya sauti kwanza, amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya itangulie. Breka ikiendelea kuanguka hata hivyo, muulize fundi umeme kuhusu breka ya aina C, inayostahimili mvuto wa ghafla. Akague kwanza kama nyaya za nyumba zinairuhusu.