Kwa Wanaoanza Kuandika Tamthilia za Mfululizo Hapa Dodoma

Wadogo zangu mnaoingia katika kazi hii, wengi wenu mnaniletea wazo zuri la filamu ambalo mmelivuta mpaka likafika sehemu 26. Tamthilia ya mfululizo si filamu ndefu. Filamu humkuta mtazamaji ameketi na ameamua kutazama, ilhali tamthilia humkuta anafanya shughuli nyingine, na karibu kanuni zake zote zimezaliwa na hali hiyo.

Chimbuko lake ni redio. Katika miaka ya 1930 kampuni za sabuni za Marekani, Procter & Gamble ikiwa miongoni mwao, zilidhamini michezo ya mchana iliyowalenga wanawake waliokuwa nyumbani, na ndiyo maana mpaka leo Wamarekani huiita michezo ya aina hiyo kwa jina la sabuni. Mmojawapo, Guiding Light, ulianza redioni mwaka 1937, ukahamia televisheni mwaka 1952, na haukukoma hadi mwaka 2009. Msikilizaji wa michezo hiyo alikuwa anafua au anapika, kwa hiyo wahusika waliitana kwa majina kila walipokutana, habari nzito ilisemwa zaidi ya mara moja, na kila sehemu ilikatwa pale ambapo taharuki ilikuwa imepanda. Picha zilipokuja, desturi hizo hazikuachwa.

Nilikuwa nayajua hayo kwa kuyasoma, lakini nilikuja kuyaelewa saluni. Nilikuwa nimeandika onyesho ambalo mke anagundua usaliti wa mumewe kwa kukuta mkufu usio wake ndani ya droo, bila neno hata moja kutamkwa, na niliujivunia sana ukimya ule. Jioni liliporushwa nilikuwa katika saluni moja karibu na soko la Majengo, nikimsubiri dada yangu aliyekuwa anasukwa. Televisheni ilikuwa imetundikwa ukutani. Msusi alikaza macho kwenye nywele, na dada yangu alikuwa ameinamisha kichwa. Ukimya wangu ulipofika, msusi aliuliza bila kugeuka, "Mbona kimya, kifurushi kimeisha?"

Tangu siku hiyo, jambo lolote ambalo mtazamaji hulipata kwa macho tu nalirudisha kwa sauti katika onyesho linalofuata, tena kwa kinywa cha mtu mwenye sababu ya kulisema: jirani anayeuliza mkufu ni wa nani, au mtoto anayeutaka auvae. Hapa ndipo wanagenzi wengi hukosea upande wa pili, wakawafanya ndugu wawili waambiane mambo wanayoyajua tangu utoto ili mtazamaji apate kuyasikia. Mtu hamwambii dada yake kwamba wao ni mtu na dada yake. Mkitaka habari isikike, mleteni asiyeijua, au anzisheni ugomvi. Wagombanao hukumbushana yote.

Taharuki ya mwisho wa sehemu nayo ina kipimo chake. Mwezi Machi mwaka 1980 tamthilia ya Kimarekani ya Dallas ilifunga msimu kwa kumpiga risasi J.R., mhusika wake mkuu aliyekuwa mwovu, na watazamaji hawakumjua aliyefanya hivyo hadi mwezi Novemba. Wengi husimulia kisa hicho kana kwamba siri yenyewe ndiyo iliyowashika watu. Mimi naona kilichowashika ni kwamba J.R. alikuwa amewaudhi wahusika wengi kiasi kwamba kila mtazamaji alikuwa na mshukiwa wake, na maudhi hayo yalijengwa kwa muda mrefu kabla ya bunduki kuonekana.

Amerika ya Kusini na Meksiko walichagua njia nyingine: hadithi yao hudumu miezi kadhaa, kisha huisha. Mmeksiko Miguel Sabido, kuanzia mwaka 1975, alitumia umbo hilo kufundisha, akiwapanga wahusika katika makundi matatu, yaani wema, waovu na wanaoyumba katikati. Hilo la tatu ndilo lenye kazi, kwa sababu mtazamaji humfuata anayeyumba ili aone ataangukia wapi. Njia hiyo ilifika kwetu mwaka 1993, Radio Tanzania ilipoanza kurusha Twende na Wakati, mchezo uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Kituo cha kurushia matangazo cha Dodoma hakikuurusha kwa miaka miwili ya mwanzo, kwa makusudi, ili watafiti walinganishe mkoa usiousikia na mikoa inayousikia. Kwa hiyo sisi wa huku tulianza kumsikia Mkwaju, yule dereva wa lori, mwaka 1995, wenzetu wakiwa wanamjua zamani. (Mzee mmoja wa mtaani kwetu hadi leo hajaisamehe redio.)

Yaliyofuata mnayajua: kundi la maigizo la Kaole kwenye ITV, kisha filamu za kwenye diski, kisha tamthilia za kigeni zilizotiwa sauti za Kiswahili, ikiwemo ile ya Kichina ya Doudou iliyoonyeshwa na TBC mwaka 2011. Sasa wengi hutazama kwenye simu, nao huweza kurudisha nyuma, jambo linaloruhusu ukimya kidogo zaidi ya niliouzoea. Hata hivyo msusi wangu bado yupo.

Nimalizie kwa jambo ambalo vitabu vya nje haviwezi kuwaambia. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, na ardhi hubadilika ghafla. Niliwahi kuandika mazungumzo yanayoanzia chini ya mbuyu na kuendelea katika sehemu iliyofuata. Tulipiga picha za nusu ya kwanza mwezi Oktoba, mbuyu ukiwa mtupu, fedha zikatuishia, tukarudi mwezi Januari. Katika hadithi zilikuwa zimepita dakika tano. Kwenye picha, mbuyu ulikuwa umejaa majani na vilima vya nyuma vyote vilikuwa vya kijani. Kwa hiyo katika daftari lenu la mwendelezo, lile la kuhakikisha picha za siku tofauti zinaoana, pembeni ya nguo na majeraha ya wahusika, andikeni pia mwezi, rangi ya majani na hali ya barabara, na mazungumzo marefu ambayo huenda yakakatizwa yawekeni ndani ya nyumba.