Ukipewa skana ya redio ya zamani, anza na namba moja tu

Skana yangu ya kwanza, yaani redio ya kusikiliza tu inayoruka namba hadi namba ikitafuta watu wanaozungumza, nilipewa na mjomba, aliyekuwa ameiweka kabatini miaka mingi. Ni ya kushika mkononi, ina chaneli 200 zilizogawanywa katika mafungu 10. Usiku uleule niliiwasha, nikabonyeza kitufe cha kusaka, nikaiacha ikimbie kutoka mwanzo wa masafa hadi mwisho. Nilisikia mikwaruzo, milio ya mashine, na maneno mawili matatu yaliyokatika kabla sijajua nani anasema na nani. Kwa wiki nzima niliamini kwamba imekufa. Kumbe ilikuwa nzima kabisa. Nilichokosa ni mahali pa kuisikilizisha.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: usisake. Tafuta namba moja, yaani sehemu moja ya masafa inayotajwa kwa megahezi, unayojua kwa hakika kwamba ina watu wanaozungumza, iweke, utulie hapo.

Kabla ya hilo lakini, fungua kifuniko cha betri. Kifaa kilichokaa muda mrefu mara nyingi betri zake zimevuja, na utaona unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma. Futa kwa pamba yenye tone la siki, kausha vizuri, kisha tia betri mpya. Adapta nayo iangalie kwa makini. Pembeni ya tundu la umeme kuna mchoro mdogo unaoonyesha kama chanya iko katikati au nje, na skana za zamani hazifanani kwa hili. Mimi nilichomeka adapta kwa sababu tu iliingia vizuri kwenye tundu, nikasikia harufu ya kuungua ndani ya sekunde chache. Nilibahatika kuichomoa mapema. Soma volti, soma mchoro, ndipo uchomeke.

Sasa skwelchi, kile kirungu kidogo kando ya sauti ambacho wengi hukipuuza. Kazi yake ni kunyamazisha spika pasipokuwa na mawimbi yenye nguvu ya kutosha. Kizungushe mpaka mvumo usikike, halafu kirudishe polepole mpaka mvumo ukatike, uishie papo hapo. Ukizidisha, unawafungia mlango watu wa mbali ambao ndio utamu wenyewe wa kusikiliza. Ukipunguza mno, skana itasimama kwenye kelele tupu na haitasonga mbele. Rekebisha tena kila unapohama chumba au kubadili antena.

Namba ya kuanzia? Chukua za ndege. Mazungumzo ya marubani na waongoza ndege yako kati ya megahezi 118 na 137, na mpaka leo yanarushwa kwa AM, kwa njia ileile ya kale, karibu kila mahali duniani. Skana ya miaka 30 iliyopita inayasikia kama ya jana. Tena mawimbi haya husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo urefu ndio kila kitu: ndege iliyo mita 10,000 juu yaweza kusikika hata ikiwa kilomita 400 kutoka ulipo, mradi pasiwe na kilima katikati. Mnara wa uwanja huenda usiusikie kabisa, lakini rubani anayeujibu utamsikia. Kama uko karibu na uwanja mkubwa, tafuta namba ya ATIS, ile sauti inayorudia hali ya hewa na njia ya kurukia bila kupumzika. Hakuna kipimo kizuri kuliko hicho: inazungumza wakati wote, hivyo ukiikosa unajua tatizo liko kwenye antena au mpangilio wako.

Hakikisha skana iko kwenye AM unapokuwa hapo. Yangu ilikuwa imewekwa FM, na maneno yakatoka yamekwaruzika hata nikadhani spika imepasuka. Barani Ulaya kuna tatizo jingine: njia za ndege zimebanwa zikatengana kwa kilohezi 8.33, na skana ya zamani inayoruka kwa hatua za 25 hupita juu ya nyingi bila kuzigusa sawasawa.

Kuhusu antena, ile fupi ya mpira inayokuja na skana ni ya kubebea mfukoni tu. Gawanya 75 kwa megahezi unazotaka, utapata urefu wa robo ya wimbi kwa mita. Kwa megahezi 127 ni kama sentimita 59. Antena ya kuvuta iliyorefushwa hadi hapo, ikisimamishwa wima karibu na dirisha la juu, ilinibadilishia skana kuliko kitu kingine chochote.

Watakuja wa kukuambia uitupe kwa sababu polisi wamehamia dijitali. Ni kweli kwamba katika nchi nyingi polisi na zimamoto wako kwenye mifumo ya redio ya dijitali kama P25 au TETRA, mara nyingi kwa usimbaji unaoficha maneno, na skana ya analogi itakupa mngurumo tu. Usihangaike napo. Bado una mabaharia kwenye megahezi 156.8, ambayo ni chaneli 16 ya dharura na miito, na wapenzi wa redio wanaozungumza wao kwa wao kuanzia megahezi 144. Ila soma sheria ya nchi yako kwanza. Kuna mahali skana inahitaji kibali, na kuna mahali kusikiliza mawasiliano yasiyokuhusu ni kosa. Na unachokisikia, hata kama sheria haikukatazi, kiache palepale. Watu hao wako kazini.

Namba zako ziandike kwenye daftari. Baadhi ya skana za zamani husahau kila kitu betri ikitolewa. Nilipoteza hivyo kazi ya miezi. Fungu moja weka la ndege, jingine la bahari, na chaneli inayopiga kelele bure ifunge kwa kitufe cha kuirukia.

Ukishazoea, weka megahezi 145.800 kwenye FM na uache skwelchi wazi. Hapo ndipo sauti kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga husikika wanaanga wanapozungumza na wanafunzi. Tafuta kwenye intaneti saa kinapopita juu yako na siku yenye mazungumzo hayo. Kikipita huwa unacho kwa dakika 10 hivi. Mimi nilisikia sauti ikipanda kutoka kwenye mvumo, ikawa safi kama ya mtu aliye chumba cha pili, kisha ikazama tena. Skana ilikuwa ileile ya kabatini.