Ukialikwa harusi ya ng'ambo, fika siku mbili kabla

Nilitua saa tano kabla ya ndoa kufungwa. Kwenye tiketi muda ulionekana wa kutosha. Ndege ya kwanza ikachelewa, ya pili nikaidaka kwa kukimbia, lakini begi langu halikuidaka. Nilisimama pale kwenye mkanda wa mizigo mpaka ukazimwa. Suti, viatu, tai na zawadi, vyote vilikuwa humo. Rafiki yangu, bwana harusi mwenyewe, akaacha kujiandaa asubuhi ya siku yake akaanza kuwapigia watu simu anitafutie koti la kunitosha. Koti lilipatikana na harusi ikaenda vizuri, lakini jambo hilo linaniuma hadi leo. Nilikwenda kumshangilia, nikaishia kumuongezea kazi.

Tangu hapo nimehudhuria harusi tatu nyingine za nchi za mbali, na kila nitakalosema hapa linatokana na asubuhi ile: mgeni ajitegemee, asiwe mzigo kwa maharusi.

Kwanza, amua mapema kama unakwenda. Piga hesabu yote, si nauli peke yake: hoteli, viza, bima, mavazi, usafiri wa kule, siku utakazokosa kazini. Ukiona itakubidi ukope, kataa. Sema ndani ya wiki moja ya kupata mwaliko, kwa upendo na kwa maneno machache. Niliwahi kumkatalia ndugu yangu namna hiyo, akanishukuru kwa sababu alikuwa bado hajalipia viti. Kinachoumiza ni yule anayesema "tutaona" miezi minne, halafu anajitoa wiki ya mwisho.

Ukishakubali, fungua pasi yako ya kusafiria siku hiyohiyo. Usiangalie tu kama haijaisha. Nchi nyingi zinataka iwe na angalau miezi sita ya uhai na kurasa tupu. Nchi za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, zinataka iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibakize miezi mitatu baada ya tarehe utakayoondoka huko. Niliona kwa macho yangu binamu ya bibi harusi akirudishwa kaunta ya uwanja wa ndege, gauni lake likiwa limekunjwa mkononi, kwa sababu pasi ilibakiza miezi michache kuliko ile inayotakiwa. Alilia mbele ya foleni nzima. Hakuna aliyeweza kumsaidia, maana shirika la ndege likimpandisha abiria asiye na hati sahihi, gharama za kumrudisha huliangukia lenyewe. Hakikisha pia jina kwenye tiketi ni lile lile la kwenye pasi, hasa kama uliolewa ukabadili jina.

Viza ina kalenda yake. Ya Schengen unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Kwa kawaida jibu hutolewa ndani ya siku 15, lakini linaweza kufika siku 45, na bima ya matibabu ya euro 30,000 ni sharti. Kama utahitaji barua ya mwaliko, iombe mara moja tu, ukiwapa maharusi jina lako kamili, namba ya pasi na tarehe zote, wasiwe wa kukuuliza tena. Angalia vilevile nchi unayobadilishia ndege. Baadhi zinadai viza hata kwa anayepita tu. Na kama safari inahitaji cheti cha homa ya manjano, chanjo huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo kuchanjwa wiki ya safari hakukusaidii kitu.

Sasa nguo, na hapa nitang'ang'ania. Vazi la harusi linakaa nawe ndani ya ndege, halipakiwi chini. Koti la suti ligeuze ndani nje, bega moja uliingize ndani ya jingine, ulikunje mara moja kwa urefu na kulitia kwenye mfuko wa plastiki mwepesi. Hewa inayobaki ndani huzuia mikunjo mikali. Gauni liviringishe pamoja na karatasi laini. Ukifika, litundike bafuni, funga mlango, acha maji ya moto yatiririke dakika kumi, kisha lipitishie kiganja kutoka juu kwenda chini. Viatu na dawa pia viwe mkononi. Manukato na mafuta yasizidi mililita 100 kwa chupa katika viwanja vingi, na betri ya akiba ya simu haipakiwi chini kamwe. Mnasafiri wawili? Kila mmoja aweke seti moja ya nguo kwenye begi la mwenzake.

Begi likipotea hata hivyo, usitoke ukumbi wa mizigo kabla ya kuandikisha ripoti na kupewa namba yake. Tunza kile kikaratasi cha begi na risiti za vitu utakavyolazimika kununua. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, makubaliano ya kimataifa kuhusu safari za ndege kati ya nchi, una siku 21 tangu ulipokabidhiwa begi lililochelewa kudai kwa maandishi, na siku 7 tu kama limeharibika.

Zile siku mbili nilizotaja kwenye kichwa si anasa. Siku ya kwanza ni ya kungojea begi na ndege zilizochelewa. Ya pili ni ya mwili. Mwili huzoea tofauti ya saa taratibu, karibu saa moja kwa siku, na kuruka kuelekea mashariki huchosha zaidi. Nunua safari zote katika tiketi moja, kwani ukizinunua mbalimbali na ya kwanza ikachelewa, shirika la pili halina wajibu wowote kwako.

Zawadi itume nyumbani kwao. Ukiibeba, wao nao watalazimika kuibeba kurudi. Na tangu mwanzo omba namba ya mtu mwingine, mbali na maharusi, wa kumuuliza habari za basi, ukumbi na saa. Anwani ya hoteli iandike pia kwa maandishi ya nchi hiyo, umwonyeshe dereva.

Kwenye harusi ya mwisho nilitua Alhamisi, ndoa ikiwa Jumamosi. Ijumaa mchana mgeni mmoja alituma ujumbe kutoka uwanja wa ndege: begi halijafika. Nilikuwa na koti la akiba. Nikapanda teksi kumfuata, tukapita dukani akanunua shati na viatu, jioni tukakaa naye chumbani tukifupisha mikono kwa sindano na uzi wa hoteli. Bwana harusi alikuja kuyasikia hayo wiki mbili baadaye, tulipokuwa tunaangalia picha.