Maswali ya Fizikia: Mawe ya Mwanza, sahani ya bibi na kopo la risasi

Kidato cha nne wamefika kwenye mada ya unururifu, yaani atomu zinazooza na kutoa mionzi, na maswali yamemiminika. Mengi yana ugonjwa mmoja: neno "mionzi" tumelibebesha mizigo ya kila mtu. Jua ni mionzi, simu ni mionzi, eksirei ni mionzi, bomu ni mionzi. Halafu tunashangaa watoto wanachanganyikiwa.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimesoma kwamba granaiti ina urani. Sisi tunakaa Igogo, nyumba imekaa juu ya mwamba na ukuta wa nyuma ni jiwe lenyewe. Tuhame?

Marahaba. Msihame, angalau si kwa sababu hiyo. Ni kweli kwamba tani moja ya granaiti ina gramu chache za urani, pamoja na thoriamu na potasiamu. Mawe haya yetu yana zaidi ya miaka bilioni 2.5. Urani-238 hupungua kwa nusu kila miaka bilioni 4.5, kwa hiyo tangu jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza, lilipokuwa uji wa moto mpaka leo watalii wanapolipiga picha, urani yake haijafika hata nusu ya kuisha. Takriban theluthi mbili bado imo. Sasa fikiri: kitu kinachooza taratibu hivyo kitakumwagia mionzi mingi kwa saa moja? Wengi mnakariri kwamba nusu-uhai ndefu, yaani muda mrefu wa kupungua kwa nusu, ndiyo hatari kubwa. Kwa idadi ileile ya atomu, yenye nusu-uhai fupi ndiyo inayomwaga mionzi kwa fujo.

Wastani wa dunia wa mionzi ya asili ni milisiverti 2.4 (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) kwa mtu kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Ndizi ina potasiamu-40, na mwilini mwako sasa hivi atomu elfu kadhaa za potasiamu hiyo zinaoza kila sekunde. Cha kuangalia ni redoni, gesi inayotokana na urani na kupenya kwenye nyufa za mwamba. Dawa yake ni dirisha wazi, na upepo wa ziwa ni wa bure. Ninaowahofia ni wapangaji wa vyumba vilivyochongwa ndani ya mlima, kidirisha kimoja, na jiko la mkaa linawaka ndani usiku. Hapo redoni inasubiri foleni nyuma ya moshi. Na kama mnatafuta sababu ya kweli ya kuhama, kagueni udongo ulioshikilia lile jiwe la juu yenu kabla ya masika.

Swali: Mnara wa simu uliojengwa jirani na shule unatoa mionzi ya nyuklia?

Hapana. Nimelijibu muhula uliopita, na mwingine kabla ya huo. Mawimbi yake hayatoki kwenye kiini cha atomu na hayana nguvu ya kung'oa elektroni. Anayetaka kubishana aje na hesabu ya nishati ya fotoni, asije na sauti aliyotumiwa na shangazi.

Swali: Kifaa kilisoma milio 340 kwa dakika, mionzi ya mazingira ikiwa 20. Nusu-uhai ni siku 8. Baada ya siku 24 kitasoma ngapi? Nimepata 42.5, kitabu kinasema 60.

Kitabu kiko sahihi. Umegawa mpaka ile 20, ambayo ni ya mazingira, pamoja na mawe ya mwenzako wa Igogo, nayo haipungui kwa ajili ya mtihani wako. Itoe kwanza, zibaki 320. Siku 24 ni nusu-uhai tatu: 160, 80, 40. Kisha rudisha 20 yako. Kosa hili naliona kila mwaka, na binamu yake ni yule anayeandika kwamba baada ya nusu-uhai mbili chanzo kimekwisha. Nusu ya nusu ni robo, jamani! Chukua sarafu mia, zimwage mezani, ondoa zilizoonesha kichwa, zilizobaki zirushe tena. Ukifika mara ya tatu utaelewa bila mimi.

Swali: Kati ya mionzi ya alfa na ya gama, ipi hatari zaidi?

Chanzo kikiwa nje ya mwili, gama. Kikiwa ndani, alfa. Swali lisiposema wapi, andika zote mbili na sababu zake.

Swali: Bibi anapigwa mionzi hospitali ya Bugando kwa saratani. Nyumbani wamemtengea sahani na kikombe, na mdogo wangu amekatazwa kulala naye. Ni sawa?

Si sawa. Rudisheni sahani leo, na mdogo wako arudi kitandani kwa bibi yake. Mashine ya nje humulika uvimbe, na kipindi kikiisha mionzi imekoma. Ukimulikwa na tochi huendelei kung'aa ukifika nyumbani. Kumulikwa ni jambo moja, kubeba chanzo mwilini ni jambo jingine, na mitihani yote mnayofeli imejificha katikati ya hayo mawili. Mgonjwa wa tezi ya shingo anayenyweshwa iodini-131 yuko tofauti: chanzo kimo ndani yake, na hospitali humpa masharti ya kukaa mbali na watoto na wajawazito kwa siku kadhaa. Kama bibi hakupewa masharti, ninyi msimtungie. Mwenye shaka aulize wahudumu wa kitengo, siyo jirani.

Swali: Kaka yangu ananunua vyuma chakavu. Ameletewa kopo la risasi (ile metali, siyo ya bunduki), dogo lakini zito ajabu, lina alama ya njano yenye mapanga matatu kama feni. Ameanza kulikata kwa tindo. Kuna tatizo?

Acha kusoma, mpigie simu, kisha urudi.

Mwaka 1987, mjini Goiânia, Brazil, watu walibeba kipande cha mashine ya tiba ya mionzi kutoka kliniki iliyotelekezwa, wakakiuza kwa mnunuzi wa chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu-137 uliong'aa buluu gizani. Uligawiwa kwa ndugu na majirani, wengine wakajipaka. Watu 4 walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka 6, na zaidi ya 240 walikutwa na unga huo mwilini au kwenye nguo. Hapo hapakuwa na kumulikwa tu: chanzo kilikuwa kwenye kucha, kwenye nguo na mezani pa chakula.

Risasi nene haifungi kitu bure. Kaka yako aondoke pale, azuie watu na watoto wasisogee, atoe taarifa polisi au Tume ya Nguvu za Atomu. Asile wala kuvuta sigara kabla hajapimwa, na asiende kuoga ziwani. Vipande alivyokwisha kukata aviache palepale, visiende kwenye mizani.